Kuanguka kwa Mgongo Mbele ya Watu wa Tandika

Nimestaafu katika umri ambao wenzangu niliosoma nao ndiyo kwanza wanathibitishwa kazini. Kwa sisi wacheza ngoma hakuna barua ya kustaafu wala saa ya ukutani ya kuagwa nayo. Goti linakataa, basi. Asubuhi ya kwanza ya kustaafu kwangu niliamka mapema nikaanza kunyoosha viungo kama kawaida, kisha nikakumbuka, nikakaa kitandani nisijue mikono niiweke wapi.

Haya nawaandikia nyie mnaofanya mazoezi kila Jumanne kwenye ukumbi wa Tandika, na hasa Halima, aliyeniomba nimwandikie namna ya kuanguka kwa mgongo bila kuumia. Nilijaribu kumwandikia hilo peke yake, nikashindwa. Kila nilipoanza na "kunja kidevu" nilijikuta nimerudi kwenye woga, maana woga ndicho kitu nilichokifanyia mazoezi kuliko hata miguu. Halima, utanivumilia. Nitaanzia mbali kidogo.

Mimi sikufundishwa na mtu. Baba yangu ni mtu wa Iringa, aliyekuwa karani wa wakala wa forodha Kurasini, mpole, anayerudia kusoma hati moja mpaka macho yanamwagika machozi. Kwenye kazi yake tarakimu moja ikikosewa, kontena la mtu linalala bandarini na simu zinaanza kulia. Kwa hiyo nyumbani kwetu hakuna kitu kilichoonyeshwa nusu. Insha ya shule ililetwa mezani ikiwa imeshanakiliwa upya kwa mwandiko safi. Nilipoanza kucheza, nilicheza chumbani, kiti nimekisukumiza mlangoni, simu yenye kioo kilichopasuka nimeiegemeza kwenye chupa ya maji. Nilitazama video za watu wanaocheza bila muziki, wanaojiviringisha sakafuni, wengine wanatembea tu kutoka ukuta huu kwenda ule, na sikuelewa kwa nini nikishazitazama nakosa usingizi. Nikajaribu kufanya zangu. Nilijirekodi, nikajitazama, nikaona mkono umechelewa, nikafuta. Nilifuta kila kitu. Hakuna mtu aliyewahi kuziona ngoma za miaka ile.

Aliyenitoa chumbani ni Da Rehema. Nyie mnamjua akiwa ameketi na karanga zake, lakini wakati ule alikuwa bado anacheza. Ujana wake aliumalizia kwenye kikundi cha ngoma kilichokuwa kikitumbuiza kwenye mahoteli, na aliwahi kuniambia aliacha kwa sababu mashavu yalimchoka kwa kutabasamu. Akatafuta mahali ambapo mtu anaweza kucheza akiwa amenuna. Akapata ukumbi wa harusi wa Bwana Salim, yule muuza vitambaa ambaye ukoo wao uko Tandika tangu babu zao. Bwana Salim alitupa Jumanne kwa sababu Jumanne hakuna anayeoa. Sharti lake ni kwamba tusiguse mapambo. Kwa hiyo tumecheza kazi nzito za misiba na talaka chini ya maandishi ya dhahabu yanayowapongeza maharusi tusiowajua, na maputo ya Jumamosi yakinywea taratibu juu ya vichwa vyetu.

Mmeukuta utaratibu wa kuonyesha kazi mbichi, kwa hiyo mnadhani ulikuwepo siku zote. Ni yeye aliyeuanzisha. Kila mwezi mmoja wetu anaonyesha alichonacho, kikiwa hakijaisha. Milango inaachwa wazi, anayepita aingie. Ukimaliza unakaa kwenye mkeka katikati ya ukumbi, watu wanasema walichokiona, na wewe hujibu. Huelezi ulimaanisha nini, hujitetei. Unakunywa maji. Na kabla ya kuanza ni marufuku kuomba radhi.

Mara yangu ya kwanza tumbo lilinikata tangu alfajiri. Nilienda chooni mpaka mlinzi wa ukumbi akaniuliza nimekula nini. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nikasimama mbele ya watu, mdomo ukafunguka wenyewe: "Samahanini jamani, hii kazi bado, kuna sehemu ya katikati sijai..."

Kijana wa bodaboda aliyesimama mlangoni, helmeti mkononi, akadakia, "Basi sista, si ukaimalizie? Sie tutarudi."

Ukumbi ukacheka. Da Rehema akasema bila kuinua sauti, "Tabitha. Anza."

Nikaanza. Sikumbuki nilichofanya. Nakumbuka nilipokaa kwenye mkeka yule kijana ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. "Mie sijaelewa, nisiseme uongo. Ila pale aliposimama mguu mmoja muda mrefu, nikamkumbuka abiria anayekwambia 'niko getini natoka,' na wewe umewasha pikipiki, huzimi, huondoki. Nimeumia kabisa."

Pale niliposimama mguu mmoja nilikuwa nimesahau kinachofuata. Nilitaka kumwambia. Da Rehema akanitazama, nikanywa maji. Sehemu ile ilibaki kwenye kazi ile mpaka mwisho wake, na kila nikiifanya nilimwona abiria akitoka getini taratibu, anajibu simu.

Sasa vifaa, maana mnaniulizaga. Sponji la magoti la dukani halifai, linateleza mpaka kwenye ugoko. Kateni godoro kuukuu, lishoneeni ndani ya soksi ndefu iliyokatwa sehemu ya wayo. Sakafu ya Bwana Salim ni vigae, na vigae vikipigwa deki ya harusi vinakuwa sabuni tupu. Chukueni soda iliyokwisha gesi, lowesheni nayo tambara, pangusieni sehemu mtakayochezea, subirini ikauke. Inanata vizuri. Sisimizi watakuja, lakini sisimizi hawajawahi kumvunja mtu. Na simu ya kurekodia iwekeni mbali na spika, isije ikatetemeka ikaanguka, mkajikuta mmerekodi dari.

Miaka mingi nilicheza na Chidi. Mnamjua kwa utani wake, hamjui alikotoka. Amekulia Mwenge kwenye vibanda vya wachongaji, akisugua msasa vinyago vya baba yake. Kule mteja anasimama anatazama twiga akiwa bado hana miguu, anauliza bei, anaondoka, anarudi. Kwa hiyo Chidi haoni aibu kuonekana nusu. Mimi nikitetemeka nyuma ya pazia la maharusi, yeye anakula chipsi.

"Huogopi?" nilimuuliza siku moja.

"Naogopa nini? Si ndiyo kazi yenyewe, bado tunachonga."

"Wakituzomea?"

"Watakuwa wameangalia."

Nilimwonea wivu kwa jibu hilo. Bado namwonea.

Msije mkadhani watu wa Tandika wanakaa kimya wakitazama. Kuna siku tulikuwa na kazi ya kimya kabisa, hatusogei, tunapumua tu kwa kupishana. Tumeifanyia mazoezi mpaka tunasikia mapigo ya moyo ya kila mmoja. Mzee mmoja aliyevaa kanzu akainuka, akaja taratibu mpaka mbele, akabandika noti kwenye paji la uso la Chidi. Akamtunza, kama anavyotunza kwenye taarabu. Jasho likaishika noti. Chidi akaendelea kupumua, noti inapanda inashuka, watu wanapiga vigelegele. Niliporudi nyumbani nililia. Nilichelewa sana kuelewa kwamba mzee yule hakutudharau. Alipendezwa, akafanya kile mtu aliyependezwa anachofanya.

Halima, sasa nakuja kwenye anguko.

Nilipokuwa mdogo, baba alikuwa akinichukua kazini kwake siku za likizo. Nilikaa dirishani nikatazama winchi inavyolinyanyua kontena, linabembea, linashuka, na wanaume wako chini, mikono juu, wanaita, "Shusha! Shusha! Shusha!" Niliogopa kwamba litaachia. Halikuachia hata siku moja, na mimi sikuacha kuogopa. Nilipokuwa mtu mzima na goti la kulia limeshaanza kuvimba kila baada ya mazoezi, nikaona nifanye kazi kutokana na woga ule kabla miguu haijanikimbia. Chidi anasimama mbali, ametupa mgongo, anafanya kazi zake, hageuki. Mimi napanda juu ya meza, navuta mwili juu mpaka kwenye ncha za vidole, nabembea, na mwisho naanguka kwa mgongo. Kuanguka kwenyewe nilikumudu. Nilijikunja angani, nikatua kwa bega na nyonga, nikaviringika. Chumbani kwangu godoro lilikuwa limebonyea kwa ajili hiyo.

Tukaionyesha ikiwa mbichi. Siku ile walikuwepo wanawake wengi wa pale sokoni, na mbele kabisa alikaa Mama Shamimu, anayekaanga vitumbua asubuhi kwenye kona ya ukumbi. Nikapanda mezani. Nikabembea. Nikaachia mwili.

Sikufika chini. Kwanza niliisikia harufu ya mafuta ya vitumbua, kisha mikono. Mama Shamimu alikuwa ameruka kutoka kwenye kiti, na nyuma yake wengine, na sauti yake ikajaa ukumbini: "Mtoto anaanguka, nyie mmekaa!" Nikabaki hewani, nimeshikwa kwapani, kiunoni, kwenye nywele. Mmoja akanitupia khanga miguuni kunisitiri. Chidi, maskini, alikuwa bado ametupa mgongo, maana kazi ilisema hageuki.

Kwenye mkeka nilikaa na ile khanga. Mama Shamimu akaanza. "Mie nina moja tu. Huyu kijana," akamnyooshea Chidi kidole, "ana roho mbaya."

Watu wakavunjika mbavu.

"Kweli! Mwenzake anaanguka, yeye kageukia ukuta kama anadaiwa."

"Na nyie wa viti vya mbele miguu mlipewa ya nini?" akauliza mwingine.

"Mie nilikuwa na mtoto mapajani!"

"Ungemweka chini, angekaa."

Waliendelea hivyo, wakigombezana juu ya nani alichelewa. Watu walipotoka nikamwambia Da Rehema, "Wameiharibu."

"Wameharibu nini?"

"Mwisho. Nilitakiwa nianguke."

"Umepanda juu ya meza Tandika, ukaanguka mbele ya kina mama watu wazima. Ulitaka wakae?"

"Nilitaka watazame."

"Wametazama. Ndiyo maana wameinuka." Akamenya karanga. "Huo ndio mwisho wa kazi yako. Uache hivyo hivyo. Usijikunje, usijitayarishe kutua. Achia kabisa, waje."

Nikaogopa kuliko siku zote. Nyie mnanijua, mtu wa kupanga hata pumzi. Sasa nimepewa kazi ambayo mwisho wake uko mikononi mwa watu, na watu wenyewe hawajui. Chidi alisema tumwambie hata Mama Shamimu peke yake. Da Rehema akakataa, akasema ukimwambia anakuwa mfanyakazi wako, atakudaka kwa sababu ameagizwa. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshaisikia mikono ile, nilikubaliana naye.

Wiki chache kabla ya kuionyesha tena nilikwenda kwa mtaalamu wa viungo. Alilibonyeza goti, akalipinda, akaniambia bila kuzunguka kwamba likijisokota hata mara moja, kazi yangu imeishia hapo. Nilimwambia Chidi tu.

"Sasa unaanguka ya nini?"

"Watanidaka."

"Umejuaje?"

"Si walinidaka."

Chidi aliweka chini chipsi zake. Kisha akasema, "Niache nigeuke. Nitakuwa nageuka kidogo tu, nakuona kwa jicho la pembeni."

"Utaharibu."

Siku yenyewe habari zilikuwa zimeenea. Wanawake wa sokoni walikuja wameshona vitenge sare, mikoba mapajani, Mama Shamimu na hina mpaka kwenye viwiko. "Leo tumewahi, tupate viti," akaniambia, akanishika mkono akaubana. Nilipomwona pale mbele, tumbo likatulia. Vidole vikapata joto. Ile ndiyo siku pekee katika kazi yangu yote ambayo nilipanda mbele za watu bila woga.

Nikabembea. Nikaachia. Sikujikunja, sikukaza chochote, nilikwenda nyuma kama nguo inayodondoka kwenye kamba. Nikasubiri mikono. Ukumbi ulikuwa kimya, ule ukimya niliouomba miaka yote. Karibu na chini kabisa mwili ukaelewa kabla yangu, ukajisokota kuokoa kichwa, nikatua juu ya goti. Nilisikia mlio mdogo ndani, kama mtu aliyevunja muwa.

Kisha vigelegele. Waliinuka wote wakanipigia makofi, wanawake wa vitenge sare, vigelegele vikapanda mpaka kwenye maputo. Chidi akiwa ametupa mgongo alivisikia, akajua mambo yamekwenda vizuri, akaendelea na sehemu yake mpaka mwisho, kwa furaha, kama tulivyopanga. Nilimtazama nikiwa chini. Alikuwa anacheza vizuri sana.

Da Rehema ndiye aliyegundua kwamba siinuki.

Wakanibeba wakaniweka kwenye mkeka wakati bajaji inatafutwa. Mama Shamimu alikimbia nje akarudi na barafu za ukwaju za muuzaji jirani yake, zile za kwenye vifuko, akaniwekea gotini, na maji ya ukwaju yakawa yanatiririka kwenye ugoko wangu.

"Mbona hukupiga kelele, mwanangu? Mbona hukusema?" Akawageukia wenzake. "Na mie ndiye niliyewaambia! Niliwaambia, jamani leo tusimwingilie mtoto. Mara ile alikuwa bado hajajua kuanguka, akateleza, tukamdaka. Leo kajifunza, kaja kamili. Tukae tutazame kama watu." Akaanza kulia. "Tulivaa kabisa."

Kanuni ya mkeka ni kutojibu. Nilimjibu. "Hukukosea, mama." Da Rehema alisikia, akaniletea maji.

Ndivyo ilivyokuwa. Walikuwa wanajua kwamba tunaonyesha vitu ambavyo havijaisha, na kwamba baadaye tunarekebisha. Wakaona anguko lilikuwa kosa, wakaamini nimelirekebisha. Mimi na Da Rehema tuliwaza kila kitu kuhusu watu wale isipokuwa hilo, kwamba wangetuheshimu.

Baba alikuja nyumbani kwangu nilipotoka hospitali. Hakuwahi kuja ukumbini hata mara moja. Siku zote aliniambia ngoma ikiisha nimwite. Aliomba aone video. Akairudia na kuirudia, miwani puani, kama anavyosoma hati, akasimamisha pale ninapopanda mezani. "Hapa," akasema, "hapa hukuwa unaogopa." Nikamwambia ndiyo. Akavua miwani, akasema, "Ungeogopa kidogo." Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ameona tarakimu iliyokosekana.

Nilipofika hapo niliacha kuandika, kwa sababu Halima mwenyewe alikuja kunitembelea. Halima, unakumbuka tulivyobishana. Ulisema kazi ile ni yako sasa, Da Rehema amekupa, na Chidi amekubali kutupa mgongo tena. Ulisema hutaionyesha Tandika, maana Tandika sasa wote watainuka hata ukipiga chafya. Utaionyesha Kinondoni, kwenye karakana ya useremala ya rafiki yake Chidi, mbele ya watu wasiojua chochote, na hutamwambia mtu.

"Watakaa," nilikwambia.

"Wanaweza wasikae."

"Una magoti mazuri, Halima. Hujui ulichonacho."

"Dada Tabi, nimekuomba unifundishe kuanguka. Hukunifundisha. Umeniandikia habari ya sisimizi."

Ulikuwa umeshasoma mwanzo wa haya ninayoandika. Ulicheka, mimi sikucheka. Nilikuomba ujikunje, utue kwa bega, uviringike, kama mara yangu ya kwanza. Ukasema ukijikunja watajua umejipanga, na aliyejipanga hakuna anayemwinukia. Nilikaa siku zile zote zilizobaki nikiliona goti lako. Nilikuwa nakiona kile kitabasamu chako cha kudharau hatari na nasikia muwa unavunjika.

Jumamosi tulikwenda mimi na Mama Shamimu. Nilimwomba anisindikize, maana ngazi za vivuko vya juu ya barabara bado zinanitesa. Wewe ulituona tumekaa safu ya nyuma, ndivyo ulivyotaka. Karakana ilikuwa imefagiliwa, harufu ya mninga kila mahali. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea: mafundi, vijana wa mtaani, mabinti wawili watatu wa chuo, wamama waliotoka kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Ukapanda kwenye benchi la kurandia mbao. Na hapo nikaona kitu ambacho kwenye Jumanne zetu za zamani hakikuwepo sana. Walitoa simu. Safu nzima ya mbele, halafu ya pili, mikono yote juu, mikono yote imeshika kitu.

Tumbo likanikata vilevile. Vidole vikafa ganzi. Nikasogea ukingoni mwa kiti, nikarudi, nikasogea tena.

"Una nini wewe?" Mama Shamimu akanong'ona.

"Wameshika simu, mama. Wote wameshika simu."

"Nimeona."

"Naogopa."

Ulikuwa umeshaanza kubembea. Chidi alikuwa ametupa mgongo, anapanga vipande vya mbao.

"Sasa si ukaogopee kule mbele?" akasema Mama Shamimu. "Hapa unanikanyagia khanga tu."

Nikainuka. Sikujua kama naruhusiwa. Da Rehema alikuwa pembeni ya mlango na sikumtazama. Nilipita katikati ya viti nikichechemea, nikimsukuma mtu bega, mtu akasema "Sista, unaziba," nikaangusha simu ya mwingine na sikuiokota. Nyuma yangu nilisikia khanga ya Mama Shamimu ikivutwa na kiti kikianguka, kisha kiti kingine, ambacho hakikuwa chake. Nilikuwa bado sijafika vizuri ulipoachia. Sikuwa nimepanga miguu. Sikuwa nimekunja magoti inavyotakiwa, na moja halikunjiki. Nilikudaka vibaya, Halima, mkono mmoja kwapani na mwingine kwenye ukosi wa gauni, ukosi ukachanika, wewe ni mzito kuliko unavyoonekana, na mgongo wako haukugusa sakafu.